Makabidhiano ya Chumba Namba Saba

Keti, Zuwena. Si hicho, hicho mguu mmoja mfupi,
nimewawekea wakaguzi wasiojua kuondoka.
Funguo ni tatu. Hii ya kabati la majalada, hii ya droo,
na hii ya tatu sijui ya nini.
Niliikuta nami nilipokabidhiwa. Usiitupe.

Watakwambia kazi hii ni kanuni na fomu.
Kanuni zimo rafu ya juu, mchwa wamekula ukurasa wa likizo.
Lakini anayeingia hapa haji kutafuta kanuni.
Anaanza na hujambo, anaitazama feni,
anauliza watoto, anauliza mvua ya Konde,
anainuka, anaaga, anashika kitasa,
na hapo ndipo anapolisema alilolijia.
Basi usimuage kabla hajafika mlangoni.

Msimu wa karafuu utaletewa homa nyingi.
Nusu ya idara itaumwa mgongo wiki moja.
Karatasi zitakuja na harufu yake,
na vidole vilivyozijaza vimeiva rangi ya kahawia.
Usicheke. Usikasirike pia.
Muulize Shaame mikarafuu ya marehemu babake
wanairithi wangapi, na nani wa kuchuma,
kisha mpe siku zake kwa jina lake halisi.
Ule uongo aliokuja nao mrudishie taratibu
kama unavyomwokotea mtu kofia yake.

Mwanangu Mbarouk aliomba ukarani hapahapa.
Nilitoka, nikakaa nje na mlinzi,
nikamenya machungwa matatu mpaka usaili ukaisha.
Alikosa kwa alama mbili.
Mwezi mzima alikula kwa shangazi yake, Jadida.
Nawe utasusiwa.
Ukiona unapendwa na wote, kuna mtu unamdhulumu.

Barua ya kumpunguza Hamad Kombo sikumpa dereva.
Nilikwenda Gando mwenyewe, jua la saa nane,
nikamkuta anatengeneza baiskeli ya mtoto.
Nilimwambia kwanza, ndipo nikapokea maji.
Maji ya mtu ukiyanywa kabla ya kumwambia
hayashuki, yanakaa hapa.
Hakusema kitu. Alinipa gurudumu nilishike,
akakaza nati, moja, ya pili, ya tatu.
Nikalishika.

Na sasa hili, halimo kwenye orodha.
Miaka tisa nyuma, harusini Bopwe,
mwanamke mmoja aliniuliza mbona Faki haonekani kazini.
Nikajibu, "Anatibiwa."
Neno moja, tena kwa huruma.
Hata biriani halijapakuliwa, neno limeshaota miguu,
limefika kwa wakwe zake na jina la ugonjwa juu.
Faki alikuja kesho yake. Hakugomba.
Aliniuliza kama anaweza kwenda na jalada lake nyumbani.
Nikamwambia kanuni hairuhusu.
Kanuni! Siku hiyo ndiyo niliyoikumbuka.

Jalada lake ni hili la mbele kabisa.
Usilipange kwa alfabeti. Liache hapo
likuguse mkono kila ufunguapo kabati,
hata siku unayojiona mtu mwema,
siku hiyo hasa.

Muhuri huu hapa, wino wake unataka maji kidogo.
Tia saini hapa. Na hapa chini, tarehe.
Feni inalia mwezi wa pili mpaka wa tatu, kisha inanyamaza yenyewe.

Umesikia? Kuna mtu anapiga hodi.
Hapana, usinitazame mimi.
Mimi nimekuja kukuaga tu,
na kitasa nimeshakishika.